Matairi ya Theluji Dukani Wattaya

Jana, duka la matairi Wattaya, mtaa wa mji wetu huu wa jangwani, mama mmoja kashika simu kwa mikono miwili, sauti kaifungulia. Bintiye, aliyekosa kazi hapa pamoja na shahada yake, yuko Kanada ndani ya kigari, theluji imejaa njiani.

"Punguza upepo wa matairi, mwanangu, kama tunavyofanya mchangani!"

"Mama, hapa ukipunguza unateleza. Nshafunga matairi ya theluji."

"Basi leo usende!"

"Nisipokwenda, khalas, kazi hiyo imekwenda."

Duka zima, hata fundi mwenye spana, tukasikiliza kigari kikijikokota. Nchi ina jua mwaka mzima, mtoto wetu anatafuta riziki barafuni!

"Nimefika, mama, alhamdulillah."

Mama akafuta macho. Mimi, graduate wa kulala sebuleni, nikamsogelea: "Mamangu, plizi, muulize kama huko kazini kwake bado wanaajiri."