Nguo ya Dada Mbavuni mwa Shangazi

Kwa arusi yangu, familia yetu ya mjini Kasongo ilichagua kikwembe kimoja, yaani kitenge, cha wanawake wote, cha buluu chenye majani ya kijani. Kushona ilikuwa kazi ya dada yangu mkubwa, ambaye mashine yake iko barazani kwake, karibu na soko.

Shida ilikuwa shangazi zetu watatu wa kijijini Wamaza. Njia ya kwao ni ya pikipiki na matope, na mvua zilikuwa zimeanza. Mama alimwambia dada awapigie simu, wapimwe na fundi wa huko, vipimo vitumwe. Dada akacheka.

"Mama, hawa walinibeba mgongoni. Miili yao naijua."

Akachukua mkasi, akakata.

Shangazi walifika Alhamisi, wamelowa, na kapu la karanga na jogoo mmoja mwenye hasira. Arusi ilikuwa Jumamosi. Walipokwisha kuoga na kula, wakaingia chumbani kujaribu nguo. Tulisikia vicheko, kisha sauti ya shangazi mkubwa:

"Muje munitoe! Nimenasa!"

Tulimkuta mikono juu, kichwa hakionekani, nguo imemkaba kifuani. Tulivuta mpaka akatoka, jasho linamtiririka.

"Hii nguo iko ya mutu gani?"

"Ya kwako, shangazi," nikasema.

"Labda ya kwangu ya zamani!"

Wale wawili nao vilevile. Mashamba ya Wamaza yalikuwa yamewapenda, wakanenepa. Tulicheka mpaka tukashika kuta, isipokuwa dada. Shangazi mdogo, asiyependa kuona mtu ameaibika, akasema vikwembe vya siku hizi vinasinyaa vikiguswa na maji. Wa katikati akasema pengine alikosea yule msichana anayejifunza kushona kwa dada. Ilibaki dada aitikie tu.

"Hapana," akasema. "Musimusingizie mutoto wa watu. Mama aliniambia wapimwe, nikakataa. Ni mimi nilikata, ni mimi nitatengeneza."

Nilimwambia mimi sina neno, shangazi wavae vikwembe walivyokuja navyo.

"We nyamaza, bibi arusi. Kazi yako ni kupendeza."

Alizunguka soko zima. Kikwembe kile kilikuwa kimekwisha, na mwenye duka hakujua mzigo mwingine ungefika lini. Aliporudi aliingia kwake moja kwa moja, akatoka na gauni lake mwenyewe la kikwembe kilekile, alilojishonea kwa arusi yangu. Lilikuwa refu, lenye mikunjo mingi, na alikuwa amelificha hata mumewe asilione. Akakaa barazani, akaanza kufumua mshono.

Nilimshika mkono. "Yaya, dada yangu, hilo hapana."

"Liko na kitambaa kingi," akasema. "Nilijipendelea sana."

Mumewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Na weye utavaa nini?"

"Ile ya njano ya Noeli."

"Ile inakufaa zaidi," akasema shemeji, akaenda kutafuta mafuta ya mashine.

Ijumaa kutwa mashine ililia. Jirani yetu Mwislamu, aliyekuwa amemaliza tu kuwaandalia watu wa nyumbani kwake chakula, alileta pasi ya makaa na akabaki kunyoosha. Dada alikuwa akipima, anaita, anapima tena. Shangazi mkubwa akalalamika kwamba hata shamba linalouzwa halipimwi hivyo. Vipande vya gauni la dada viliingia ubavuni mwa kila nguo, kutoka kwapani mpaka chini.

Siku ya arusi, shangazi waliingia kanisani wakicheza, mikono juu kabisa, na hakuna mshono uliofumuka. Dada alikuwa peke yake wa njano katikati ya buluu. Baada ya misa wageni walimwuliza kama ni wa upande wa bwana arusi. Angeweza kusema chochote, lakini kila aliyeuliza alijibiwa vilevile: "Niliwakatia shangazi nguo ndogo bila kupima. Yangu iko pale, mbavuni mwao." Wakacheka, naye akacheka nao, na sikumwona akiinamisha kichwa hata mara moja.

Mchana, wali na sombe ya majani ya muhogo vilipokwisha kuliwa, ngoma zikaanza. Shangazi mkubwa alikuja mpaka alipokaa dada, akamshika mkono, akamvuta katikati ya uwanja.

"Njoo ucheze na gauni lako!"

Walicheza, wa njano na wa buluu, mpaka wapiga ngoma wenyewe wakaomba maji.