Maana ya Kuumbiza

Kutoka Tanga hadi Bariadi nilitumia siku tatu, moja kati ya hizo nikiwa nimekalia tairi la akiba nje ya Singida, nikisubiri basi litengenezwe. Nilikuwa nimesikia kwamba pamba sasa inanunuliwa na kila mwenye mzani, na wanunuzi hao wanatafuta watu wanaojua kuandika. Nilifika wiki ambayo mizani ilikuwa inafungwa, msimu umekwisha. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, nikabaki miaka minne.

Nilifungua kibanda karibu na stendi: kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Watu wa pale Kiswahili wanakijua, lakini nyumbani ni Kisukuma, na mimi wakaniita Mswahili. Mtu akipata barua ya ofisi yenye neno gumu, analeta kwangu. Kidato cha nne nilimaliza kwa alama ambazo sikuwa nikizitaja, ila kuzaliwa Tanga kulitosha. Nilikuwa na vitabu pia, nilivyovikusanya kwenye intaneti huko Mwanza, na kila aliyenunua nyimbo nilimwekea kimoja bure. Mmoja tu ndiye aliyewahi kurudi kukizungumzia: alitaka kifutwe, kinakula nafasi.

Msomaji wa kweli alikuwa mwenye nyumba wangu, mkulima wa pamba aliyetoka Nkoma, mzee wa kanisa. Marehemu baba yake aliandika kitabu kidogo cha hadithi za Kisukuma, kikachapwa na wamisionari. Nakala ya mwisho ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa wakati mwanafunzi mmoja wa chuo alipoipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, akamwekea mzee kwenye kadi. Mchwa wakamalizia karatasi. Kwa hiyo kitabu kizima cha baba yake kilibaki ndani ya simu ya Kichina ya laini mbili. Kila asubuhi alikuja kibandani, tunasalimiana mwangaluka, anakaa kwenye benchi na kukisoma, akikuza herufi mpaka neno moja linajaa kioo.

Siku moja simu ilikataa kufungua picha. Ikaandika, tena kwa Kiswahili: "Kadi haijaumbizwa. Umbiza sasa?"

"Mswahili," akasema, "kuumbiza ndiyo nini?"

Walikuwepo wateja wanne. Neno hilo sikuwahi kulisikia Tanga wala popote. Nikaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba linatokana na kuumba, na maana yake ni kukirudisha kitu katika umbo lake zuri. Mteja mmoja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikabonyeza Ndiyo.

Kadi ilitoka safi kuliko siku iliponunuliwa, haina hata ukurasa mmoja.

Kwa wiki mbili nilimwambia simu bado inapanga kurasa. Namba ya yule mwanafunzi haikupatikana. Mwishowe nikasema ukweli, naye akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo lile neno ulikuwa hulijui."

"Sikulijua, baba."

"Ungesema. Hata mimi silijui, na sijafa."

Kesho yake alikuja na daftari. Yeye asimulie, mimi niandike. Kisukuma changu kilikuwa cha kununulia maziwa, kwa hiyo niliandika nilivyosikia, naye akasahihisha akicheka matusi niliyoyaandika bila kujua. Hadithi zilikuwa kumi na mbili. Kwa miezi miwili tulipata nne. Nyingine zilimjia vipande, akakataa kuziunga kwa kubuni, kwa kuwa hazikuwa zake. Nne hizo nilizipiga picha, na kila mteja wa nyimbo akaondoka nazo bila kuziomba. Sijui wangapi walizifuta.

Kisha watu wakaanza kujipakulia nyimbo wenyewe. Benchini akabaki mzee peke yake, na mimi nikaanza kusikia habari nzuri za dhahabu ya Geita, kama nilivyowahi kusikia za pamba. Nilikata tiketi bila kumwambia mtu. Asubuhi ya safari begi nililitanguliza stendi, nikaenda kwake kumrudishia daftari na kuaga.

Nilimkuta njiani, anakuja kwangu, anatembea haraka kuliko kawaida yake. Hakusalimia.

"Ya tano imenirudia. Yote, na wimbo wake. Kalamu unayo?"

Tiketi ilikuwa mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu. Nikamwambia nina haraka kidogo, tuandike kesho.

"Kesho asubuhi, basi," akasema. "Isije ikanitoka."

Nikaitikia, nikampa daftari alishike, nikaelekea stendi.