Visiwa Tumboni Mwangu

Ilianza kichwani, msimu ambao mezani kwangu palijaa sare za shule za kushona. Nikadhani ni mba. Wiki chache baadaye wekundu wa tofali ulikuwa umeteremka shingoni, mgongoni, hadi magotini, nami napukutika magamba kila ninapokaa. Viganja viligeuka manjano na kuwa vigumu, nikawa siihisi sindano.

Niliambiwa ni fangasi, nikapaka dawa ya fangasi. Nikaambiwa ni mzio, nikaacha samaki na mayai. Hakuna kilichobadilika, ila wateja walianza kuniwekea vitambaa mlangoni badala ya kunipa mkononi.

Dada yangu mkubwa, mfugaji na mkulima wa pamba Nkololo, akaja Bariadi kunichukua. Kwake yeye, wazee wetu waliokufa walikuwa wanatudai.

"Tumewasahau. Twende nyumbani tukawatambikie."

"Tutakwenda, dada. Ila kesho kuna daktari wa ngozi hospitalini, amekuja kwa siku mbili tu. Tuanze na huyo."

Alikubali kwa sharti moja: aingie nami chumbani.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alitusalimia, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma cha kujifunza, na dada akalegea papo hapo. Binti akapitisha kidole juu ya vidole vyangu, akasema vipele vinakwaruza kama msasa. Kila kipele kilizunguka unywele mmoja. Akaniomba nifunue tumbo.

Akasimama ghafla.

"Mama, umeyaona haya?"

Katikati ya wekundu palikuwa na mabaka ya ngozi nzima, laini, kama ugonjwa umeyaruka. Nilikuwa nayaona kila siku nikioga, sikuwahi kuyawaza.

"Tunaviita visiwa! Na viganja hivi! Mama, nadhani ninaujua ugonjwa wako. Ni nadra sana. Nimeusoma tu, sijawahi kukutana nao!"

Alicheka kwa furaha, kisha akaziba mdomo. "Nisamehe, mama. Sifurahii kuumwa kwako."

Lakini mimi nami nilikuwa nimeshaanza kucheka. Miezi minane watu walikuwa wananitazama kwa huruma au kwa woga; huyu alikuwa wa kwanza kufurahi kuniona. Aliniandikia jina la ugonjwa, pityriasis rubra pilaris, dada akajaribu kulitamka mara tatu na kila mara likatoka jipya. Hapo tukashindwa kujizuia sote watatu.

"Hauambukizi," daktari alisema alipotulia. "Wala hakuna aliyekuroga."

Akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe Mwanza. Aliporudi Bariadi mwezi uliofuata, majibu yalikubaliana naye. Nikaanzishiwa vidonge vya jamii ya vitamini A, nikawa napimwa damu kila mara kuangalia ini na mafuta. Kabla ya kuviandika aliniuliza, kwa uso mkavu, kama naweza kupata mimba, maana vinadhuru mtoto tumboni.

"Ana wajukuu watano!" dada akapiga kelele.

Kisha daktari akatuambia nipake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na maji, na viganjani krimu yenye urea.

"Urea?" dada akashtuka. "Ile ya mahindi?"

"Jina ni lilelile, mama, lakini msipake mbolea!"

Midomo ilinipasuka, macho yakakauka, na miezi miwili ya kwanza sikuona nafuu. Mwezi wa nne ngozi ya nyayo ilibanduka vipande vinene kama soli za kandambili, na chini yake miguu ilikuwa laini hata nikatekenywa na mkeka. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwehu. Nilitembea peku hadi dukani, nikatembea peku kurudi, bila kununua kitu.

Aliporudi tena mwezi huo, daktari alinionya kwamba ugonjwa unaweza kuchukua miaka kuisha, na unaweza kurudi. Nilimwambia sawa. Siku hiyo hata angeniambia nipande mwembe kwa miguu, ningesema sawa. Tuliposhika mlango kutoka, dada akageuka, akapandisha sketi hadi gotini, akanyoosha mguu mbele ya daktari.

"Na mimi niangalie hapa, mwanangu. Pele hili nalo si la nadra?"

Daktari akainama, akalichunguza kwa makini.

"Mbu, mayu."

"Wabeja," dada alishukuru, akashusha sketi kwa masikitiko ya kweli kabisa.