Printa Iliyobaki Ndani ya Ukuta

Katika idara ya maji ya mji ule, hakuna karatasi iliyoitwa barua kabla ya kupita mikononi mwa Mama Mihuri. Alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipiga mhuri kama mtu anayefunika chungu: taratibu, kisha pu. Kwa miaka tisa katika hiyo alikuwa akiomba uhamisho, kwani mumewe, mshona nguo, alikuwa na cherehani yake katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na ndoa yao ilikuwa ya simu. Wenzake walimwita bwana huyo Shemeji Salio.

Mwaka huu ombi likakubaliwa. Makao makuu waliandika kwamba aripoti kituo kipya tarehe mosi, akiwa na barua ya kuachiliwa iliyosainiwa na meneja wake kwenye karatasi yenye nembo. Asipofika, nafasi apewe mwingine.

Tarehe hiyo ikagongana na ukarabati wa jengo. Wafanyakazi walihamishiwa ukumbini kwa wiki tatu, lakini fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kikohozi, alikataa kuibeba kompyuta ya masjala.

"Huyu bibi ukimsogeza tu, anakata roho," alisema. "Aachwe hapa hapa na printa yake. Wewe Mama utamwendesha kwa mbali."

Akamwekea laptopu, akamfafanulia. "Utaona kioo cha kule kama vile umekaa mbele yake. Ukisogeza kipanya hapa, kinasogea kule. Na njia kati yenu ni ya siri. Wewe ni mtu wa maji, chukulia ni bomba ndani ya bomba. Maji ya watu wote yanapita nje, yako yanapita ndani, hakuna wa kuyaonja."

"Na koki yake?"

"Neno la siri. Liwe refu, na usimwambie mtu. Hata mimi."

Fundi akageuza uso kwa adabu, naye Mama Mihuri akaandika jina la mtaa wa mumewe na namba ya kiatu chake. Kisha fundi akaikataza kompyuta kulala. Kabla ya kufunga mlango, Mama Mihuri aliijaza printa karatasi zote zenye nembo zilizobaki kabatini. Mazoea ya kazi. Kwa wiki tatu akaandika barua akiwa ukumbini, na za kuchapwa akaziweka kiporo.

Waliporudi, jengo lilinuka rangi. Mama Mihuri alikwenda na korido, ufunguo mkononi, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaanza tena. Chumba cha masjala hakikuwapo. Palipokuwa na mlango palikuwa na ukuta laini, mweupe kama yai, na nyuma yake kompyuta ilikuwa ikivuma.

Meneja alikuja na mchoro. "Hapa hapana mlango, Mama. Waashi wamefuata mchoro."

"Na kompyuta?"

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo, alieleza, ni kwamba karatasi zenye nembo zimo ndani ya printa, na printa imo ndani ya ukuta. Meneja akakuna kidevu. Jengo lilikuwa limeshapokelewa, na yeye mwenyewe alikuwa ametia saini kwamba lina vyumba sita. Kuvunja ukuta ni kukiri vipo saba.

"Hebu chapa kwanza," alisema.

Mama Mihuri akachapa barua yake ya kuachiliwa kwa laptopu. Nyuma ya ukuta ikasikika krr, krr, krr, kisha kimya.

"Umesikia?" Uso wa meneja ukakunjuka. "Imetoka. Andika kwenye daftari kwamba imetoka."

"Bosi, sijaishika."

"Nimeisikia kwa masikio yangu. Hata mahakamani nitasema."

Siku mbili zilizofuata, watu waliokuja kufuata barua zao walielekezwa ukutani. Walisimama, wakasikiliza, baadhi wakashukuru. Mzee mmoja aliomba yake irudiwe, hakuipata vizuri mwishoni.

Ikabaki siku moja ya kazi kabla ya tarehe mosi. Mumewe akapiga simu asubuhi. "Cherehani nimeihamishia barazani. Sasa chumbani kitanda cha wawili kinaenea."

"Usinunue godoro kwanza," alisema. "Barua imetoka, ila iko ndani ya ukuta."

"Wamekunyima tena, sivyo?" mumewe akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwinua. Mama Mihuri alikumbuka kanuni aliyoipigia mhuri mara elfu: bomba likivuja, ukuta hauombwi ruhusa. Lakini hakuwahi kuandika uongo katika barua ya serikali, basi akakiandikia kikosi cha uvujaji ukweli: *Inasikika sauti isiyo ya kawaida nyuma ya ukuta, mwisho wa korido. Chanzo kichunguzwe.*

Nyapara wa kikosi hicho alifika na fimbo yake ya chuma ya kusikilizia. Akaegemeza ncha moja ukutani, ya pili sikioni. Mama Mihuri, laptopu mapajani, akaagiza nakala arobaini za barua yake.

Krr, krr, krr, krr.

"Lo," nyapara akanong'ona. "Hili si la kungoja kesho."

"Hapo hapana chumba," meneja alisema.

"Mimi sitafuti chumba, bosi." Akanyanyua nyundo.

Likapatikana tundu la mtu kupita akiinama. Ndani, barua zilikuwa zimejaa sakafuni, arobaini na moja zikiwa zake. Nyapara akaokota moja, akaipapasa. "Kavu," alisema, akajaza fomu: *hakuna uvujaji*. Meneja hakukubali kuingia mahali pasipokuwapo. Alipokezwa barua tunduni, akaisainia juu ya ukuta wake mwenyewe.

"Haya Mama, toka na barua za watu," nyapara alisema. "Kanuni ni tundu lizibwe siku hiyo hiyo."

"Na kompyuta?"

"Mimi naziba, sihamishi vyombo."

Saa kumi ukuta ulikuwa mweupe tena.

Siku hizi, kabla ya kwenda kituo chake kipya, Mama Mihuri hufungua laptopu kwenye meza ya kukatia vitambaa, kati ya chaki na vipande vya bitana. Meneja alimwomba neno la siri mara mbili. Alimjibu kwamba fundi alisema asimwambie mtu, na barua za kule bado huchapa yeye.

"Imetoka?" mumewe huuliza kutoka barazani, akisimamisha cherehani.

"Imetoka."

"Mbona sijaisikia?"

"Si ya kwako," humjibu. "Shona."