Ruhusa ya Kunywa Maziwa

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, macho yangu yalikwama kwenye mashine. Daktari mkuu, mpasuaji wa moyo, alinigusa bega akanielekeza chini ya kitanda.

"Mama, acha ile televizyo. Chunga mufuko wa mukojo."

Jioni mume wangu alicheka hadi akakohoa. "Masomo yote ile, juu ya kuchunga mikojo ya batu?"

Niliichunga hadi nilipostaafu. Moyo uliotoka kupasuliwa huwa umechoka. Ukisukuma damu kwa unyonge, figo huwa za kwanza kufa njaa. Mkojo hupungua, huwa mweusi kama kahawa, kisha hukauka. Hapo tuliingiza puto: mfuko mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi mshipa mkuu wa damu. Hujaa moyo unapopumzika, hunywea unapopiga, ukiupunguzia mzigo.

Furaha, binti wa wafugaji wa Masisi, aliwekewa puto baada ya kubadilishiwa vali ya moyo. Lakini figo zake zilifunga. Mashine ya kuchuja damu badala ya figo ilikuwa imeharibika, na tukimpeleka hospitali ya ng'ambo ya mpaka asingefika hai. Tulimlowesha midomo tu, maana maji yoyote yangemjaa mapafuni. Kila siku mama yake alikuja na kibuyu cha mashanza, maziwa ya kuganda ya kwao.

"Mama infirmière, mutoto anakufa na kiu. Kijiko moja tu."

"Bado, mama. Figo haijafunguka."

"Ng'ombe yangu iko na akili kupita mashine yenu!"

Asubuhi moja daktari mkuu alitazama mfuko mkavu, akagusa miguu ya Furaha, iliyokuwa baridi.

"Mumupatie maziwa," akasema, akatoka.

Mama akapiga vigelegele. Sisi wauguzi tuliinamisha vichwa. Tulijua ruhusa ile hutolewa lini. Nikamkalisha mama, nikamwambia binti yake haponi tena.

"Sasa juu ya nini mumeruhusu?"

"Juu ana kiu, mama."

Mama akafungua kibuyu, akamnywesha binti yake kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu kama mtoto mchanga. Puto liliendelea kujaa na kunywea.

Sasa nakaa nyumbani, mtaa wa Murara. Wauguzi vijana huja kuniuliza kama puto liliponya watu. Liliponya. Waliondoka kwa miguu yao, wengine wakapanda pikipiki huku tukiwagombeza. Majina yao nimeyasahau. La Furaha, bado.