Mstari wa Kwanza wa Orodha

Ofisi ya uhamisho imekuwa kimya tangu Dirisha, mtunga programu wao, aondoke. Mluzi wake hausikiki tena, wala majigambo yake kila karani alipokwama: "Jibu kwanza, mama. Kidirisha hakikuachii mpaka useme neno."

Jina hilo la utani alilipata kwa kidirisha alichokitunga mwenyewe. Karani akibonyeza jina la mfanyakazi, kilichomoza katikati ya skrini kikiwa na orodha ya vituo vya kazi, na kila kitu nyuma yake kikaganda. Ulichagua kituo, ukabonyeza Sawa, programu ikapokea jibu lako, barua ikatoka kwenye printa.

"Na nikikifunga tu kwa kile kialama cha X kule juu?" karani mkongwe alimuuliza siku ya majaribio.

"Nani atafanya hivyo? Hiki si mlango wa choo, mama."

Wakacheka wote. Basi hakuandika chochote kwa ajili ya mtu atakayeondoka bila kuchagua. Na programu, ilipokosa jibu, ilichukua mstari wa kwanza wa orodha. Mstari huo ulikuwa zahanati ya mwisho wa barabara, mwendo wa siku mbili kwa lori.

Miezi minne baadaye dada yake, muuguzi, akapiga simu.

"Mdogo wangu, nimemkosea nani? Wamenitupa mwisho wa dunia! Mama nitamwacha na nani?"

Mama yao alikuwa amepooza miguu, na dada peke yake ndiye aliyejua kumgeuza bila kumuumiza.

Dirisha akapekua kumbukumbu za programu. Karani alikuwa ameifungua orodha atazame tu, akakifunga kidirisha kwa kile kialama cha juu; barua ikatoka, ikagongwa muhuri pamoja na nyingine bila mtu kuisoma. Kuisahihisha programu kulichukua dakika tano. Lakini humo humo aliwakuta wengine arobaini waliopelekwa kule bila kuchaguliwa na mtu yeyote.

Mkuu wa ofisi alimsikiliza huku akichokoa meno. "Ukimrudisha mmoja, utawarudisha wote. Barua ikishagongwa muhuri haina makosa, bwana. Funga domo tufanye kazi."

Akafunga. Dada alipouliza tena, akamjibu, "Ni amri kutoka juu, dada. Sina la kufanya."

Dada akamwamini. Huyu ndiye mdogo aliyemshika mkono utotoni akamfundisha kuandika herufi ya kwanza. Akapanda lori.

Mama akahamia kwa Dirisha. Mwanawe alimgeuza vibaya, kwa mikono iliyozoea kibodi, na mgongo ukaota vidonda. Mama hakulalamika. Siku moja tu alisema, macho ukutani, "Mwite dada yako."

Kesho yake Dirisha aliandika majina yote arobaini na moja pamoja na kosa la programu yake, akatia sahihi, akaiweka karatasi mezani kwa mkuu. Karatasi ikaingia kwenye droo. Yeye akafukuzwa kazi, akatolewa getini kabla ya saa sita mchana. Akampigia dada, akamweleza kila kitu.

"Ulijua kabla sijafunga mizigo?" dada akauliza.

"Nilijua, dada."

"Mwoshe mama vidonda kwa maji ya chumvi. Asubuhi na jioni." Akakata simu. Tangu hapo hapokei.

Kidirisha kingali kinafanya kazi, na sasa hakikosei. Dada yuko kule kule zahanati. Dirisha yuko nyumbani, chumba cha nyuma, na beseni la maji ya chumvi.