Michembe Mdomoni Siku ya Posa

Mimi kuongea sijafundishwa na mtu. Ndiyo maana rafiki yangu aliposema niende naye Masumbwe kuposa, baba yake mdogo, ambaye ndiye mshenga, aliguna: "Na hii redio nayo?"

"Bila yeye siendi," rafiki yangu akajibu. Hapo ningemfia.

Basi nikaanza kujifunza kusikiliza, kwenye simu. Kuna jamaa wa video kavaa tai, anasema: mtu akiongea tikisa kichwa, halafu mrudishie maneno yake ajue umemwelewa. Nikawafanyia mazoezi wateja wote wanaoniletea simu mbovu pale Kahama.

Tukafika, tukaamkia, tukakaa. Bibi wa binti akamkagua rafiki yangu juu mpaka chini. "Huyu ndiyo mume? Ng'ombe akipiga chafya si anaanguka?"

Kwetu bibi wa binti lazima amponde mposaji. Ni utani, na hajibiwi. Nalijua hilo tangu mdogo. Lakini nikatikisa kichwa: "Kwa hiyo bibi, nikikuelewa vizuri, rafiki yangu ng'ombe akipiga chafya anaanguka?"

"Chali," bibi akasema.

"Chali wapi! Huyu anabeba viroba vya mawe ya dhahabu mpaka karasha, kwenye mashine ya kuyasaga! Mleteni huyo ng'ombe apige chafya hapa, tuone!"

Wazee wa upande wa binti wakaanza kuokota fimbo zao waondoke. Rafiki yangu macho yakamlegea kama anataka kulia. Baba mdogo akachota michembe kwenye bakuli, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani, vikavu kama kigae, akanishindilia mdomoni. "Tafuna!"

Ukiwa na michembe mikavu mdomoni hata kutukana huwezi. Nikabaki na masikio tu. Bibi akaendelea kuponda: miguu ya korongo, masikio ya punda. Ila kila akimaliza anarudi palepale, huyu mjukuu ndiye wa kupiga naye stori, akiolewa yeye bibi ataongea na nani, na kuku?

Wenzangu wote walikuwa wanawabembeleza wazee kwa ng'ombe wa mahari. Nikameza, nusura inikabe.

"Bibi," nikasema polepole, "nikikuelewa vizuri, unaogopa nyumba itapoa?"

Akanitazama. "Eee. Kumbe una masikio."

Fimbo zikarudi chini. Posa ikapokelewa, ila bibi akaongeza sharti lake nje ya ng'ombe: redio ije kila Jumapili.

Naenda mpaka leo. Yeye ndiye anayeongea. Akiona tu nafungua mdomo, ananisogezea bakuli.